Mparachichi wa Bibi Kolastika unarudi mlimani

Saa moja na nusu asubuhi, mjini Morogoro. Mvua ya jana jioni imeulegeza udongo wa Mafiga, na Witness Mkude amesimama ndani ya shimo linalomfika magotini. Kitenge amekikaza kiunoni. Anachonga kuta za shimo kwa jembe taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgeni.

"Mwalimu, hayo malundo mawili usiyachanganye," anasema bila kuinua kichwa.

Mwalimu Rogers, mwenye nyumba, anayefundisha Jiografia katika shule moja ya sekondari, anarudisha sepetu nyuma. Kushoto kwake kuna udongo mweusi uliotoka juu ya shimo. Kulia kuna mwekundu uliotoka chini. Witness anataka ule mweusi uchanganywe na samadi ya mbuzi, samadi iliyooza hadi ikaacha kunuka, kisha urudi shimoni kwanza, kwa kuwa huko ndiko mizizi itakakoshuka kutafuta chakula. Mwekundu utabaki juu kutengeneza kisahani cha kushikilia maji.

Mche wenyewe unasubiri kivulini, ndani ya kiriba cheusi. Ni mparachichi wa kubebeshwa. Kwenye sehemu ya chini ya shina lake, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye udongo, kuna uvimbe mdogo uliopinda. Witness huuita goti.

"Chini ya goti ni mti mmoja, juu ya goti ni mti mwingine," anaeleza, akiufuta uvimbe ule vumbi kwa kidole gumba. "Miguu ya huyu, kichwa cha yule. Ukilifukia goti, au ukiacha chipukizi la chini likapanda, miguu inamgeuka kichwa."

Mwalimu Rogers anacheka, maana hadithi hiyo anaijua kwa machungu yake. Miaka mitatu iliyopita alinunua mche wa maembe barabarani, akaupanda mwenyewe siku ya Jumapili, akaufukia hadi shingoni ili upepo usiuangushe. Machipukizi yalipotoka chini alifurahi, akayamwagilia. Alidhani mti unamshukuru. Alichokuja kuvuna ni viembe vidogo vyenye nyuzi, ambavyo hata wanafunzi wanaopita njiani hawakuvitamani.

Safari hii ameamua kumwita Mama Miche, jina ambalo nusu ya mtaa humwita Witness.

Witness anakichana kiriba kwa wembe kuanzia chini. Anaukagua mzizi mkuu, anaukata mahali ulipojisokota, kisha anaushusha mche kwa mikono miwili, bonge la udongo likiwa zima. Analaza mpini wa jembe juu ya mdomo wa shimo kupima usawa. Udongo wa bonge lazima ulingane na uso wa uwanja, usizame na usichomoze. Akisharidhika anafukia, anashindilia kwa viganja badala ya miguu, na kuifungua kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye goti tangu siku mti ulipounganishwa. Kamba hiyo ikisahaulika, anasema, hukaza kila shina linavyonenepa, na mti hufa ukiwa umejinyonga.

Halafu mambo ya mwisho: mti wa kuegemea, kitambaa kilichofungwa kwa ulegevu, nyasi kavu zilizotandazwa kuuzunguka mche lakini zisiliguse shina, na ndoo mbili za maji, ingawa mvua imenyesha. Maji hayo kazi yake ni kuufukuza upepo uliojificha kati ya udongo na mizizi.

"Akitoa maua mwaka huu, yachume yote uyatupe," anamwagiza mwalimu wakati ananawa. "Mtoto habebi mtoto."

Kazi imechukua saa nzima na ushei. Siku nyingine Witness angeketi, angekunywa chai, angeuliza habari za shamba la maharage nyuma ya nyumba. Leo hana utulivu. Anakusanya jembe, wembe na kamba zake huku midomo inacheza kwa tabasamu la mtu anayeficha jambo.

"Jumamosi napanda mlimani," anasema hatimaye, bila kuulizwa. "Namrudisha bibi nyumbani."

*

Bibi huyo ni mti.

Witness, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, alizaliwa katika kitongoji cha Lusange, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru. Nyumba huko zimening'inia kwenye mlima kama viota, na mtu akiangusha boga mlangoni huenda akalifuata hadi mtoni. Ni nchi ya migomba, magimbi na mboga, na ya kengele ya misheni inayosikika bonde zima.

Kwa Waluguru ardhi hupitia kwa mama. Nyuma ya nyumba ya bibi mzaa mama, Kolastika, palikuwa na mparachichi mmoja mkubwa ambao bibi huyo aliuotesha kutokana na kokwa akiwa binti. Bibi Kolastika alipofariki, mti ukawa wa mama yake Witness. Mama yake alipofariki, ukawa wa Witness, ingawa wakati huo alikwishaolewa na anaishi mjini. Aliyebaki akiuangalia ni mjomba wake, Benedikto, kaka wa mama yake, ambaye leo ana umri wa miaka sabini na minane.

Mti ule ulikuwa na tabia yake. Mingine yote ilipokuwa imemaliza kuzaa, maparachichi yakiwa yameadimika sokoni, wenyewe ndio kwanza ulikuwa unakomaza. Tunda lake lilikuwa na shingo ndefu kama kibuyu, nyama ya manjano kama siagi, na kokwa lililolegea. Likiiva, ukilitikisa karibu na sikio, unalisikia kokwa likigonga ndani.

"Tulipokuwa watoto tulijua Krismasi imekaribia kwa mlio huo," anasema Witness. "Bibi alikuwa anatikisa moja moja. Lililogonga unakula, lililonyamaza unarudisha kapuni."

Alipokuja mjini na mumewe Leonard, ambaye ni fundi mwashi, Witness alianza kwa kuuza matunda. Mjomba Benedikto alikuwa akimteremshia matenga ya maparachichi ya bibi kila mwisho wa mwaka, na wanunuzi wakayazoea. Walikuwa wakiuliza, yale ya kugonga yamefika?

Wengi walikula, wakaotesha kokwa lake, na wakaja kulalamika. Mti uliotoka haukufanana na tunda walilokula. Witness mwenyewe alijaribu, yakamkuta yaleyale. Ndipo mteja mmoja alipomdokeza kwamba mparachichi hauaminiki kwa kokwa. Ukitaka tunda lile lile, ukate kijiti kutoka kwenye mti wenyewe na ukibebeshe kwenye mche mwingine.

Maneno hayo yalimkaa. Akaenda kuomba kibarua kwenye kitalu cha Mzee Emmanuel, huko Bigwa, akianza na kujaza udongo kwenye viriba. Mzee Emmanuel alikuwa mkimya na mwenye subira. Alimwacha atazame msimu mzima kabla hajampa wembe. Vikonyo vya kwanza alivyobebesha Witness, vijiti vichanga alivyokata kwenye mti wa bibi, vilikauka karibu vyote. Alikuwa akivifunga kwenye mfuko mkavu, na safari ya kushuka mlima ilikuwa ikiviua kabla havijafika. Mzee Emmanuel akamfundisha kuvifunga kwa kitambaa kibichi na jani la mgomba. Mara iliyofuata, asubuhi moja, alikuta macho mawili madogo ya kijani yamefumbuka juu ya goti.

"Nilikimbia hadi barabarani," anakumbuka. "Nikakuta sina mtu wa kumwambia. Nikamwambia mwendesha bodaboda, amefumbua macho! Akaniambia hongera, mama, akidhani nimepata mjukuu."

Leo Witness ana kitalu chake uani, Bigwa, chini ya kivuli cha makuti alichojengewa na Leonard. Anauza miche na kuipanda nyumbani kwa watu, kwa kuwa aligundua kuwa miche mingi mizuri hufia mikononi mwa wanunuzi. Kwa mche na kazi ya kuupanda hutoza shilingi elfu kumi na mbili. Miezi ya mvua hupata kama laki nne kwa mwezi. Kiangazi kikikaza haifiki laki, na hapo hurudi sokoni na tenga lake.

Lakini miche ya mti wa bibi aliiuza michache sana. Wateja walitaka parachichi lenye jina, lile la kisasa linalosemwa kwenye redio. La Bibi Kolastika halikuwa na jina wala picha. Witness hakuhangaika. Mti mama ulikuwa mlimani umesimama, vikonyo angevikata wakati wowote.

*

Aprili ya mwaka jana mvua ya masika ilinyesha Uluguru bila kupumua. Alasiri moja mteremko wa nyuma ya nyumba ya mjomba Benedikto ulitoa sauti kama lori linalomwaga kokoto, ukashuka wote. Mzee alikuwa ameketi barazani upande wa mbele. Nyumba ilibaki. Jiko, zizi la nguruwe na mparachichi vilikwenda na udongo hadi mtoni.

Mjomba alipiga simu kesho yake, mtandao uliporudi. Alieleza kwanza kwamba watu wote wa kitongoji ni wazima. Habari ya mti aliiacha mwisho.

Alipanda mlimani wiki hiyo hiyo. Alikuta kovu jekundu limechanika kuanzia juu hadi bondeni. Alishuka hadi mtoni na mjomba wake akitafuta walau tawi lenye macho mabichi. Walikuta shina limelala kifudifudi kwenye tope, limechunwa gome, matawi yamesagika. Hakuna kilichofaa kubebeshwa. Mjomba Benedikto alivua kofia yake kama mtu aliyefika msibani. Witness alilia palepale, miguu ikiwa ndani ya tope.

"Nilijiona mjinga," anasema. "Unapanda miti kwa watu, wa kwenu unauacha mmoja."

Akiwa njiani kurudi, ndani ya gari la mizigo lililobeba ndizi, wazo likamjia kwa kishindo kiasi kwamba alimshika dereva bega. Kama watoto wa mti ule wapo mjini, mti haujafa. Umehama.

Tatizo likawa kuwapata. Kumbukumbu zake zote zilikuwa kichwani: geti la bluu, yule mama mwenye mbwa watatu, nyumba iliyo mkabala na msikiti. Alianza kuzunguka kila jioni baada ya kazi, akibisha hodi na kuwauliza watu habari za mti ambao wengine walikuwa hata hawaukumbuki.

Nyumba ya kwanza, Kihonda, uwanja wote ulikuwa umetandikwa vitofali vya saruji. Mti ulikatwa ili gari lipate pa kugeuzia. Ya pili ilikuwa na wapangaji wapya, na kisiki kilichotumika kukatia kuni. Ya tatu, hapo hapo Mafiga, moyo wake uliruka alipouona mparachichi mrefu wenye afya juu ya ukuta. Alipoingia na kupiga magoti kutafuta kiungo, lile goti la mti, hakukiona. Mwenye nyumba alikuwa amejaza kifusi kuinua uwanja usituame maji, kiungo kikazama, chipukizi la chini likatawala. Matunda yaliyoning'inia yalikuwa madogo ya mviringo, kokwa tupu na ngozi.

Leonard alimwona mkewe akirudi kila siku mabega yameanguka. Alimshauri apumzike. Witness alimjibu kwamba imebaki nyumba moja, Kingolwira, na akienda huko akakosa, atapumzika maisha yake yote.

*

Bibi Margareth ni mjane wa mfanyakazi wa reli. Anaishi si mbali na stesheni ya Kingolwira, anafuga mbuzi na anapenda maongezi. Witness alimpandia miparachichi miwili miaka minne kabla: mmoja wa mti wa bibi yake, mwingine wa aina ya kisasa, ambayo nayo huzaa tunda lenye shingo. Alipofika na kutoa shikamoo, bibi alimwitikia na papo hapo akaanza kuomba radhi. Mbuzi waliingia mwaka ule ule wa kwanza. Mche mmoja waliung'oa kabisa. Wa pili waliukata karibu na chini, ukabaki kijiti.

"Nikasema basi, wangu umekwenda," bibi huyo anasimulia. "Lakini wewe ulinikataza kung'oa kitu bila kukuuliza. Nikauzungushia miiba. Mvua iliponyesha ukachipua. Njoo uone."

Nyuma ya banda palikuwa na mparachichi uliosimama vizuri, umepita paa, na katikati ya majani, kwa mara ya kwanza tangu upandwe, yalining'inia matunda. Yalikuwa machache, makubwa kama ngumi.

Witness hakuyatazama. Alipiga magoti, akaondoa nyasi, akapapasa shina. Goti lilikuwepo. Lilikuwa mahali lilipopaswa kuwa, shubiri moja juu ya udongo, kwa sababu siku ile alipoupanda alipima kwa mpini wa jembe. Na kovu la meno ya mbuzi lilikuwa juu ya goti, upana wa vidole viwili. Chipukizi lililokua likawa mti lilianzia hapo, katikati ya kovu na goti. Kwa hiyo kilichochipua kilikuwa kichwa. Miguu haikugeuka.

Lakini kichwa cha nani? Bibi Margareth hakukumbuka ni mche upi ulikuwa upande upi. Witness naye hakukumbuka. Shingo za matunda hazikumsaidia, maana aina zote mbili zina shingo.

Waliamua kusubiri. Ile ya kisasa hukomaa kabla ya katikati ya mwaka kwenye joto la Kingolwira. Ya Bibi Kolastika huchelewa.

Ikawa kila baada ya muda Witness anakwenda Kingolwira, akijidai kumsalimia bibi. Juni ikapita, matunda hayakudondoka. Julai ikapita. Agosti hakuweza kujizuia tena, akachuma moja, akaliweka kwenye kapu jikoni kwake pamoja na ndizi mbivu ili livutwe kuiva. Maparachichi yaliyokomaa hulainika. Hili lilinywea, likakunjamana, likawa kama kipande cha tairi.

Leonard aliliona akataka kulitupa. Witness alimnyang'anya. Tunda linalonywea maana yake halijakomaa, na tunda ambalo Agosti halijakomaa Kingolwira si la kisasa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifurahia parachichi lililoharibika. Alilionyesha kwa majirani. Walimtazama kwa huruma.

Novemba alimpigia mjomba Benedikto na kumwomba ashuke. Mzee hakuwa ameshuka mjini kwa miaka kadhaa, magoti yanamsumbua. Alikuja kwenye gari la ndizi, amevaa koti lake la kanisani. Witness alikuwa ameshachuma matunda matatu wiki iliyotangulia na kuyavundika kwenye majani ya mgomba. Alimpokea mjomba Bigwa, akampa maji, akampa kiti. Hakumwambia lolote. Alitaka kusikia kutoka kwa mtu aliyeishi na mti ule tangu utoto wake.

Mzee alichukua tunda la kwanza, akalipima kwa kiganja. Kisha, bila kuambiwa, akalisogeza sikioni na kulitikisa.

Witness anasema alilisikia kutoka pale alipokuwa amesimama, hatua kadhaa mbali. Gong, gong, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Mjomba Benedikto alilikata kwa kisu chake mwenyewe, akanyunyiza chumvi, akala nusu nzima. Bibi Margareth, ambaye naye alikuja kwa sababu hakukubali kuachwa nyuma, alikuwa ameshika mdomo. Leonard alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa saruji mkononi, amesahau kazini wanamngoja.

"Ni la mama," mzee akasema. Alilitazama ganda. "Mmemtoa wapi?"

Bibi Margareth ndiye aliyejibu, kwamba alikuwa kwake Kingolwira, na mbuzi walitaka kumla lakini akakataa.

Jioni ile walikula mawili yaliyobaki kwa ugali, wakicheka mambo ambayo Witness hayakumbuki tena. Anachokumbuka ni kwamba mjomba wake aliomba kulala mjini siku moja zaidi, akisingizia magoti, na asubuhi wakamkuta kitaluni anahesabu viriba vitupu.

*

Desemba Witness alikwenda Kingolwira na wembe mpya na kitambaa kibichi. Alikata vikonyo vichache tu, kwa heshima, asije akaumiza mti pekee uliobaki. Safari hii hakuharakisha. Alichagua vijiti vyenye macho yaliyovimba bila kufumbuka, akavibebesha kwenye miche imara aliyokuwa ameiotesha mwenyewe, akaifunika kwa mifuko ya plastiki ili isikauke. Ilipofika Februari, mingi ya miche ile ilikuwa imefumbua macho.

Mmoja ameshampandia Bibi Margareth mahali pa ule ulioliwa, na bibi amejenga uzio mpya wa miiba ambao hata kuku hapiti. Mmoja amepanda uani kwake. Mzee Emmanuel, ambaye siku hizi macho yake hayamruhusu kubebesha, ameletewa wake Bigwa, akaupapasa goti kwa vidole na kusema kiungo kimeshika vizuri. Witness anasema sifa hiyo ameihifadhi, kwa sababu katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja, mzee huyo hajamsifu mara nyingi.

Iliyobaki ndiyo inayopanda mlima Jumamosi. Mahali ulipokuwa mti mama hapapandwi chochote cha matunda. Ukoo umekubaliana paachwe paote nyasi na miti ya kushika udongo. Miche itakwenda kwenye matuta ya juu, kwenye kipande kingine cha ukoo karibu na njia ya kwenda kanisani, na haitakaa pamoja. Kila nyumba ya ndugu itapewa wake, uani, karibu na macho ya watu. Mwingine utapandwa misheni, ambako padri ameomba. Mlima ukishuka tena, anasema Witness, hauwezi kushuka nayo yote.

Ana mipango mingine anayoitaja kwa haraka, mmoja juu ya mwingine. Anataka wanawake wa Lusange wajifunze kubebesha, ili wasingoje yeye apande kutoka mjini. Anataka parachichi la mwisho wa mwaka lishuke sokoni tena kwa matenga, na safari hii litoke kwenye nyua nyingi. Anataka lipewe jina. Wateja wakimuuliza ni aina gani, asiseme tena "la kienyeji." Atasema ni Kolastika.

Kitaluni, miche imepangwa kwenye masanduku ya mbao, kila kiriba kimebanwa kwa majani makavu kisitikisike kwenye barabara ya kupanda mlima. Leonard atakuwa nyuma ya gari akiishikilia. Mjomba Benedikto, kwa habari zilizofika, ameshachimbisha mashimo yote bila kungoja maelekezo. Witness alipompigia kumkumbusha kutenganisha udongo wa juu na wa chini, mzee alimjibu kwamba yeye alikuwa analima mlima huu wakati mama yake Witness anatambaa, halafu akauliza taratibu, mweusi unakaa upande gani?

Kwa hesabu ya Witness, miche hiyo itazaa baada ya miaka mitatu au minne, kwa sababu baridi ya mlimani huchelewesha. Alimweleza mjomba wake hivyo ili asitegemee kuvuna upesi. Anaposimulia mazungumzo hayo anaanza kucheka, na inambidi aketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nilimwambia, mjomba, ukifika miaka themanini na mbili utakula la kwanza. Kwa hiyo usife kwanza," anasema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Akaniambia, mpwa wangu, mimi nilikuwa nimeshajiandaa kuondoka. Sasa umeniongezea kazi."